Uvundo Ukiaga, Usindikize

Uvundo ukiaga, usindikize. Methali hii ilianza hivi, na kila neno litakalofuata ni kweli tupu, halikuchujwa wala kutiwa maji. Ndivyo alivyoapa Babu Lesilwa, ameketi barazani na ungo wa karanga za kumenya, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine ukiota jua.

Wajukuu waliisikia methali hiyo asubuhi ile kutoka kwa bibi yao. Mbuzi wa jirani alikuwa akilia tangu alfajiri hadi kila mtu akamchoka, kisha ghafla akanyamaza. Wote wakashukuru, isipokuwa Bibi. "Uvundo ukiaga, usindikize," akasema, akatoka nje mbio, akamkuta mbuzi kwenye kamba ya kuanikia anamalizia shuka lake jipya. Sasa Eunike, mjukuu mkubwa, alitaka kujua maneno yale yalitoka wapi.

"Tena usitudanganye, Babu. Ile ya fisi aliyekuwa karani wa mahakama niliiandika kwenye mtihani."

"Ukapata ngapi?"

"Nikaitiwa mzazi."

"Basi leo nikinaswa na uongo, hata mmoja tu," akasema Babu, "Spika mtamla."

Spika alikuwa jogoo wake, aliyepewa jina hilo kwa kuwa pale uani hakuna kuku aliyethubutu kusema kabla yeye hajamaliza. Jogoo mwenyewe alisikia, akalaza kichwa upande mmoja. Wajukuu wakasogea karibu, na Babu akaanza.

Kulikuwa na mji uitwao Chibwela katika nchi ya Wagogo, mahali reli inapopinda kama inayotaka kurudi ilikotoka. Kando ya reli palikuwa na kiwanda cha ngozi. Harufu ya kiwanda kile ilikuwa nzito hivi kwamba kunguru waliochoka walitua juu yake wakapumzika, kisha wakaendelea na safari. Lakini watu wa Chibwela hawakuziba pua. Kwao kuziba pua lilikuwa tusi. Ngozi ni ng'ombe, na ng'ombe ni mwenyewe. Ukiinua leso mbele ya ngozi ya mtu, umeiinua mbele ya baba yake mzazi.

Mtunza stoo wa kiwanda aliitwa Mbijima. Mwili wake ulikuwa mkubwa, hatua zake za polepole, na pua yake ilikuwa fahari ya mji mzima. Akinusa ngozi alikwambia ilitoka boma lipi, na kama ng'ombe yule alichinjwa kwa harusi au kwa msiba. Asubuhi alipoingia stoo, harufu zote zilimpokea kama jamaa zake, naye akapita katikati yao akizisalimu moja moja.

Mwaka huo wenye kiwanda walimleta mkemia, Bi Nyemo, mama wa sauti ndogo na maneno machache. Agizo lake lilikuwa moja: kila dawa ya kiwandani ipangwe kwa ubaya wake, ijulikane inamdhuru mtu vipi, kabla haijapewa mahali pa kukaa. Mbijima akasema kazi hiyo ni yake. Akachukua rangi na brashi, akanusa mapipa, akayachorea wanyama. Dawa isiyo na neno aliichorea kuku. Inayochoma kidogo akaichorea punda, maana punda hupiga teke lakini unaishi naye. Inayoua akaichorea nyoka.

Bi Nyemo akaja kutazama. "Kaka Mbijima, umepangaje hizi?"

"Kwa pua, dada."

"Pua inajua kinachonuka. Kinachoua haikijui."

"Yako labda. Yangu haijawahi kulala."

"Tena umeipa kila dawa mnyama mmoja. Nyingine ni punda ikigusa ngozi, ni nyoka ikiingia kifuani. Nyingine ni kuku ikikaa peke yake, ila ikipata jirani mbaya inageuka."

Mbijima akacheka mpaka mapipa yakaitikia. "Kuku anayegeuka nyoka! Huyo hutagia wapi, dada yangu?"

Bi Nyemo hakucheka. Alimwambia asiguse pipa jipya hata moja hadi arudi, akapanda treni kwenda mjini kufuata vyombo vya kupimia hewa.

Mapipa mapya yakaja kabla yeye hajarudi. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya kunyonyolea manyoya, vipande vyekundu kama ubuyu wa dukani. Mbijima akafungua moja, na harufu ya mayai yaliyooza ikamkumbatia shingoni. Hakurudi nyuma hata kidogo. Hilo lingekuwa tusi. Akavuta kigoda, akaketi nayo kama mtu anayemsikiliza mgeni mwenye hasira. Akakaa, akakaa. Taratibu harufu ikalegea, ikawa mbali, ikawa kama kitu alichokisikia utotoni, mwisho haikuwapo tena. Mbijima akatabasamu.

"Kumbe ulikuwa mgeni tu," akaliambia pipa. "Umeshazoea." Akalichorea kuku.

Na kwa kuwa dawa zote za kuku zilikaa pamoja na maji yake kumwagwa pamoja, maji ya ile chumvi nyekundu yakaelekezwa shimo lilelile lililopokea maji ya tindikali. Tindikali nayo ilikuwa kuku tangu zamani, kwa kosa la kutonuka.

Shimo lile lilikuwa nyuma ya kiwanda, limezungushiwa ukuta, nalo lilikuwa refu ajabu. Mtu akipuliza filimbi chini, aliye juu aliweza kuchemsha chai, akainywa, akasuuza kikombe, ndipo sauti ikamfikia. (Hapa Eunike aliacha kumenya karanga, akamtazama babu yake.)

Siku moja shimo likaziba. Wa kuzibua alikuwa Kihwele, Mhehe, kwa hiyo mtani wa Mbijima, mwembamba kama ufito wa paa. Watu hao wawili walitukanana kila siku kwa miaka, na hakuna aliyewahi kula chakula cha mchana bila mwenzake. Siku hiyo uvundo ulitoka shimoni kwa vishindo. Kihwele akasita ukingoni, kamba kiunoni na filimbi shingoni.

"Mtani, leo linanguruma hilo."

"Mmezoea maua huko kwenu milimani. Ngoja niliangalie." Mbijima akainama juu ya shimo, akavuta pumzi ndefu, na nyingine. Uvundo ukampiga, ukampiga tena, halafu ukaisha. Hewa ikawa tulivu kama maziwa yaliyotulia kibuyuni. "Shuka, mtani. Imekwisha."

"Kwa neno lako?"

"Kwa pua yangu."

Kihwele akashuka. Kamba ilipita kwenye kapi juu ya shimo, ikaja mikononi mwa Mbijima, naye akauzungusha mwisho wake begani, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Jua lilikuwa jeupe. Nyuki mmoja alipita akasimama hewani kama aliyesahau alichokuja kufanya. Macho ya Mbijima yakawa mazito, ukuta ukaanza kupumua taratibu, na mlangoni mwa ukuta akamwona mzee amesimama na kanzu ya rangi ya yai.

"Hodi, Mbijima."

"Karibu, mzee. Sura yako naijua, jina limenitoka."

"Mimi ni Uvundo. Nimekaa kwako miaka mingi, wala hukuwahi kuniziba pua. Nimekuja kuaga."

Mbijima akaona uchungu, kwa maana mgeni wa miaka mingi huwa ndugu. "Mbona mapema? Hata maji hujanywa."

Kutoka mbali, laini kabisa, filimbi ikalia.

"Hiyo ni treni yangu," akasema mzee. "Hutanisindikiza?"

Sasa, Mgogo anaweza kusahau mengi, lakini hamwachi mgeni aondoke peke yake. Humtoa hadi njiani, tena humbebea mzigo wake sehemu ya safari. Miguu ya Mbijima ilikuwa kama ya mtu mwingine, lakini akaiomba radhi, akainuka. Mzigo wa mgeni ulikuwa tayari uko begani mwake. Akapiga hatua. Ukuta ulikuwa karibu, kisha ukawa mbali, kisha ukawa karibu tena, na nyasi zikamwinamia kama watu wa msibani. Mzigo ukazidi kuwa mzito.

"Mzee Uvundo, umefungasha nini humu?"

"Rafiki yako."

"Rafiki yangu yupi?"

"Yule uliyenipa kwa neno lako. Nimemwacha kwako kidogo. Ukichoka, utue, nitarudi nimchukue."

Mbijima hakuelewa, ila neno lile "utue" lilimtia baridi. Hakutua. Akainama mbele kama ng'ombe wa jembe, akavuta, akavuta, mpaka akaupita mlango wa ukuta, na hapo upepo wa reli ukampiga usoni.

Na pamoja na upepo, uvundo. Ulikuwa ule ule, mkali vile vile, umetanda kwenye nguo zake, kwenye nywele zake. Haukuwa umekwenda popote! Mgeni hakuondoka, ni pua iliyolala, ikamwacha mwenyewe mlango wazi na mwizi ndani.

Mbele yake palikuwa na Bi Nyemo, ndiyo kwanza ashuke kwenye treni, vyombo vyake mkononi. Mbijima akatazama begani. Hapakuwa na mzigo, palikuwa na kamba, imekaza kama ugwe wa zeze, imerudi hadi kwenye kapi, na kwenye kapi ananing'inia Kihwele, kichwa kimelala kifuani.

"Mtani!" Mbijima akageuka kukimbilia shimoni.

"Simama hapo!" Sauti ndogo ya Bi Nyemo siku hiyo ilisikika mpaka stesheni. "Ukirudi mtakufa wawili! Shika kamba. Ninyi wengine, vuteni mkiwa huku huku, upepo ukitoka nyuma yenu!"

Wafanyakazi wakaja, wakavuta ile kamba hadi mkono wa kapi ukageuka na kumpitisha Kihwele juu ya ukuta, wakamlaza penye upepo. Macho yake yalikuwa mekundu kama vile vipande vya pipani, midomo haina rangi. Mbijima akapiga magoti. Pua yake, fahari ya mji, ilikuwa inachuruzika kama ya mtoto.

"Mtani, amka. Amka unitukane. Nakuomba, hata tusi moja."

Upepo ukapita, ukapita tena. Kifua cha Kihwele kikapanda kidogo, kikashuka, kikapanda.

"Pua," akanong'ona Kihwele, "kubwa... ya bure."

Mbijima akalia kwa furaha, na watu wanasema lile ndilo tusi tamu kuliko yote yaliyowahi kutolewa Chibwela.

Kihwele alipopata nguvu, walipanga stoo upya, wote watatu. Bi Nyemo alieleza, Mbijima akachora. Chumvi nyekundu ikawa punda, kwa kuwa inababua ngozi na kupofusha macho. Ikawa nyoka pia, kwa kuwa ikikutana na tindikali hutoa hewa inayoua. Kihwele akauliza kama ikimwagika mtoni itakuwaje, na Bi Nyemo akasema samaki hawatapona, basi wakaongeza samaki aliyelala ubavu. Pipa likawa na mifugo kuliko boma la chifu. Tindikali ikahamishiwa ng'ambo ya kiwanda, na hakuna tena aliyeshuka shimoni kabla hewa haijapimwa kwa chombo. Na kila mgeni aliyesifu kwamba, "Ah, mbona harufu imekwisha?", Mbijima alimshika mkono, akamtoa nje upesi, akimwambia njiani: uvundo ukiaga, usindikize.

Hapo Babu Lesilwa akakomea, akatupa karanga mdomoni.

"Babu," akasema Eunike, "lile shimo. Filimbi ilipigwa chini, na sauti inafika juu mtu akishakunywa chai na kusuuza kikombe?"

"Ndiyo. Lilikuwa shimo, si sufuria."

"Na Kihwele alipuliza akiwa chini, akizidiwa?"

"Angepulizia wapi tena?"

"Basi Mbijima aliisikiaje palepale? Kama alingoja chai, Kihwele alikufa. Kama hakungoja, shimo halikuwa refu hivyo. Chagua, Babu, upi uongo."

Babu akamenya karanga moja kwa uangalifu mkubwa. "Sauti," akasema, "kwenye baridi, hukimbia."

"Dodoma? Mchana? Jua jeupe?"

Hapo zikalipuka kelele. Wajukuu wakaruka, wakapiga makofi, wakaimba jina la Spika. Wengine walidai mapaja, wengine mabawa. Babu akajitetea kwamba shimo peke yake ndilo lililorefuka kidogo, mengine yote ni kweli, kwamba kiapo kilikuwa cha maneno na si cha vipimo. Wakazidi kumpigia kelele mpaka akafumba macho.

Kisha kelele zikaisha. Ghafla, zote. Baraza likawa tulivu kama maziwa kibuyuni. Babu akashukuru moyoni, akajinyoosha, jua likimlamba vidole vya mguu. Nyuki mmoja akapita, akasimama hewani. Babu akamwona Spika mbele yake na kibegi kidogo chini ya bawa.

"Babu, naaga."

"Safari njema," Babu akajibu, wala hakuinuka.

Kilichomwamsha kilikuwa harufu ya vitunguu kwenye mafuta. Bibi alikuwa amesimama mbele yake na sahani. Nyuma yake wajukuu, midomo inang'aa. Juu ya ugali ilikaa shingo, peke yake, imekunjamana kama inayouliza swali.

"Alikuaga?" Bibi akauliza.

"Aliniaga."

"Ukamsindikiza?"

Babu Lesilwa akatazama ua lililokuwa kimya, akanawa mikono, akamega tonge.

"Uvundo ukiaga," akasema taratibu, akitafuna, "usindikize."