Kituo Hiki Kiitwe Kwa Nani?

Nawaletea kesi, na nawaonya mapema kwamba mimi mwenyewe imenishinda. Kaeni vizuri, na yule mwenye tabia ya kukatiza anisubiri nimalize.

Katika mji wetu wa majabali, juu kabisa, mtaa wetu wa Jiweni, walikaa majirani watatu. Masunga alikuwa fundi cherehani, mtu wa vipimo. Ukimwambia chai imepoa, atataka kujua imepoa kiasi gani. Minza alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa binadamu mwingine. Lugendo, yeye alikuwa na mdomo. Huyo angemshawishi jogoo aingie jikoni mwenyewe.

Wote watatu walimpenda Bi Nyanjige, aliyewalea utotoni kila mama zao walipokwenda shamba. Sasa bibi alikuwa na kidonda cha sukari mguuni. Mara mbili kwa wiki alitakiwa kwenda hospitali kukisafisha, na alikwishakosa mara nne kwa ugumu wa njia ya kushuka. Daktari akamwambia akiendelea kukosa, mguu utakatwa.

Mabasi mapya yalikuwa yanakuja, na watu wa Jiweni wakaomba kituo kwenye kona ya juu. Afisa mipango akatandaza ramani, akavuta uzi kutoka nyumba ya bibi hadi kituo cha chini, sokoni. Akasema ni mita mia tatu tu, tena wana bahati. Uzi wake ulipita juu ya jabali kubwa kama msikiti. Sisi hatupiti huko, sisi si kunguru.

Masunga akachukua futi yake ya kushonea, akaipima njia yenyewe kwa magoti, kulizunguka jabali na kushuka ngazi moja moja. Siku mbili nzima. Akapata mita elfu moja mia moja na arobaini, na suruali yake ikatoboka.

Minza akasema njia ni moja lakini miguu hailingani. Mwezi mzima alimsindikiza bibi akiwa na saa mkononi, akiandika kila walipopumzika. Peke yake alipanda kwa dakika kumi na tano. Na bibi, saa moja na dakika kumi. Hakumharakisha hata siku moja.

Afisa akayasoma makaratasi yote mawili, akayawekea kikombe juu.

Ndipo Lugendo akaenda ofisini kwake asubuhi nne mfululizo. Hakugomba. Alimwambia, "Mheshimiwa, bibi yetu anakualika chai. Atakuja mwenyewe kukupokea sokoni."

Nani anakataa chai ya bibi? Wakapanda pamoja. Bibi alipumzika mara tisa, na kila mara alimwomba mgeni wake radhi. Walipofika juu, afisa alikuwa amembebea mkoba, macho yamemwiva. Akaomba aandikiwe upya zile hesabu. Bila hizo wakubwa wake wasingemsikiliza. Bila ile chai, yeye mwenyewe asingezisikiliza. Lakini kesho yake kidonda kilitoa damu, na Minza akamlaumu Lugendo kwa kumpandisha mgonjwa, ingawa bibi alikuwa amekubali kwa hiari yake.

Basi la kwanza likafika kona ya juu. Bi Nyanjige akapanda kwa miguu yake yote miwili, na mtaa mzima tukalia bila aibu. Sasa, mjini kwetu kituo huitwa kwa jina la mtu, na jina likishatangazwa siku ya kwanza halibadiliki tena.

Konda akauliza, "Bibi, hapa tutangaze kwa nani?"

"Hawa wote ni wanangu," akasema bibi.

"Nakuelewa, bibi. Lakini jina ni moja."

Bibi akawatazama. Masunga akainamisha uso, Minza akamshika bibi kiwiko, na Lugendo, yule mwenye mdomo, akarudi nyuma hatua moja. Dereva amezima injini, abiria wanangoja, na bibi anatugeukia sisi tumsaidie.

Je, wewe ungemwambia konda ni kwa nani?