Nyati Aliyetaka Upepo Wote wa Matairi

Hadithi, hodi!
— Karibu, hadithi, kaa!
Nikae wapi?
— Kaa kati yetu!
Nikikaa nitasema.
— Sema, tusikie!

Wale wa nyuma wameitika kwa kunong'ona, lakini nimewasamehe, najua bado wanatafuna. Haya, sikilizeni.

Palikuwa na mbuga ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi ilipasuka nyufa za kumeza mguu, na wakati wa masika iliushika mguu isitake kuuachia. Ng'ambo ya mbuga yalikuwa mashamba ya mtama, na huku juu mwinukoni zilikuwa nyumba za wanyama. Ukivuna ng'ambo, lazima uvuke, maana njia ya mawe ya kuzunguka ilikuwa ndefu mno kwa mwenye mzigo. Na wa kukuvushia alikuwa mmoja tu, Nyati, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na mkokoteni. Magurudumu yake yalikuwa membamba, ya chuma, na yalilia kwaru, kwaru, kwaru.

Nyati alikuwa na nguvu, hilo hatumnyimi. Lakini alikuwa mroho. Ukimpa debe la mtama, aliuliza, "Na hilo je?" Ukimpa la pili, aliuliza, "Na hilo je?" Ukimpa nusu ya mavuno yako yote, aliitazama ile nusu uliyobaki nayo na kuuliza, "Na hiyo je?" Tena alisema njia ya mbuga ni mali yake, kwa kuwa ndiye aliyeikanyaga zaidi.

Mwaka huo Nguchiro, mama wa watoto wengi na mume hana, alikataa. Akasema nusu ya jasho lake hatoi. Kobe na Kanga, majirani zake, wakasema na wao hawatoi. Nyati hakugomba. Alicheka tu, akasema basi tuone mtavushiwa na nani, akaenda zake kulala.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mbuga ikawa uji. Mtama wa Nguchiro na wenzake ukabaki ng'ambo, kwenye kibanda cha nyasi kilichoanza kuvuja. Mtama ukilowa huchipua, na ukichipua haufai tena kwa ugali wala kwa uji. Nguchiro alilijua hilo vizuri. Kila alipowaona wanawe wakilamba sufuria ambayo haikuwa na kitu, moyo ulimuuma.

Akaondoka kwenda kutafuta akili, na akili aliikuta nyuma ya mwinuko, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege. Ndege moja kuukuu ilikuwa imeachwa hapo. Matairi yake yalilala nyasini pamoja na ringi zake, manene, mapana, vipara vitupu.

Kanga alipoyaona alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza vipara vile vina kazi gani tena duniani.

"Tairi kipara halifai kukimbia," Nguchiro akamjibu. "Kwani mkokoteni wangu unashindana mbio na nani?"

Wakayabingirisha matairi mpaka nyumbani, bingiri, bingiri, bingiri. Wakachonga mbao, wakafunga ekseli. Kobe akaleta pampu ya baiskeli. Baiskeli hana, pampu anayo, msiniulize aliipata wapi. Wakajaza upepo kwa zamu, fyu-pa, fyu-pa, fyu-pa, mpaka matairi yakawa magumu ngangari. Wakausukuma mkokoteni mbugani kwa shangwe. Haukufika mbali. Di! Ukazama.

Nguchiro akakaa juu ya tairi akalia. Hakulia kwa ujanja, alilia kweli, maana alikuwa amechoka na watoto walikuwa na njaa. Alipokuwa akilia akasikia sss, sss, sss. Valvu ilikuwa haikufungwa vizuri, na upepo ulikuwa ukitoka. Tairi likalegea. Likajitandaza chini kama mguu wa bata. Nguchiro akafuta machozi, akalitazama. Akafikiri: bata hutembea topeni asizame, na mguu wake ni laini, tena umetanuka.

Akakimbilia tairi la pili, akalibonyeza valvu, sss. Kobe akavuta, Nguchiro akasukuma, Kanga akapiga kelele, maana hakuna kazi isiyokuwa na mtu wa kupiga kelele. Mkokoteni ukainuka taratibu, ukapita juu ya tope: tefu, tefu, tefu.

Basi wakaanza kuvusha mtama wao, kidogo kidogo kwa nguvu zao ndogo. Watoto wakaanza kunywa uji. Huo ndio wakati Nyati alipoamka.

Aliuona mkokoteni unapita mbugani masika, bila yeye, bila nusu yake. Akashuka mwinuko, gudu, gudu, gudu, akasimama njiani. Akasema njia ni yake, kwa hiyo kinachopita humo ni chake. Mkokoteni ni wake. Mtama uliobaki ng'ambo, ambao ndio ulikuwa mwingi, nao ni wake.

Kobe akaingiza kichwa ndani. Kanga kwa mara ya kwanza maishani akanyamaza. Nguchiro naye aliogopa. Lakini akapiga magoti.

"Chukua, Bwana Mkubwa," akasema. "Mbao chukua, ekseli chukua, matairi chukua. Ila nakusihi, upepo tuachie."

"Upepo gani?"

"Upepo wa matairi. Ndio unaobeba mzigo. Humu tumetia kidogo tu, kwa ajili ya sisi wadogo. Mwingi bado uko kwenye pampu."

Nyati akaitazama ile pampu. Mnajua alichosema? Semeni nyote!

— "Na huo je?"

Ndicho hicho. Nguchiro akaikumbatia pampu kama mtoto. Nyati akampokonya. Nguchiro akamsihi ajaze kiasi, asizidishe, na hapo alikuwa akisema kweli tupu. Nyati akamwambia kiasi ni cha maskini. Akajaza, fyu-pa. "Na huo je?" Fyu-pa. "Na huo je?" Fyu-pa, mpaka kwato zikamuuma, mpaka tairi ukiligonga likalia ngo!

Akauvuta mkokoteni kwa njia ya juu, ile ndefu ya mawe inayozunguka mbuga, mpaka ng'ambo. Akapakia mtama wote, hata ule wa kupepeta aliuzoa. Njia ile ya kurudi na mzigo ilimchosha hata kuifikiria. Akakata katikati ya mbuga.

Nguchiro alisimama mwinukoni akitazama. Wingu jeusi lilikuwa linakuja. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa juu ya mkokoteni ule. Akili yake ikishindwa, wanawe watalala njaa, na hakuna wa kumlaumu ila yeye.

Mkokoteni ukaingia topeni. Di. Nyati akavuta. Di, di. Nyati akavuta kwa hasira. Di, di, di, mpaka ekseli ikazama, na Nyati mwenyewe akazama mpaka tumboni. Akabaki anapepesa macho.

Nguchiro akashuka kwa miguu yake myepesi, Kobe na Kanga nyuma yake, kila mmoja na mzigo wa matete. Nyati akamwambia amtoe haraka.

"Nitakutoa," Nguchiro akasema. "Lakini maneno kwanza. Njia ni ya wote. Mkokoteni na mtama ni vya wenyewe. Na tangu leo wa kuuvuta ni wewe, na ujira wako ni pumba."

Nyati akanguruma. Tone la kwanza likamdondokea puani. Akazama kidogo tena. Akaapa mbele ya Kobe na Kanga, na Kanga akatangaza kiapo hicho mpaka vijiji vya jirani vikasikia.

Hapo Nguchiro akabonyeza valvu. Sss, akabonyeza na ya pili, sss. Matairi yakajitandaza. Wakatandika matete mbele ya matairi na mbele ya kwato. Nyati akavuta, wadogo wakasukuma, chwaa! Mkokoteni ukatoka, tefu, tefu, tefu, mpaka mwinukoni. Mtama ulipoingia ghalani, ndipo mvua ilipomwagika.

Nguchiro alikaa mlangoni akiisikiliza ikipiga paa. Mwanawe mdogo alimuuliza kama kesho pia kutakuwa na uji. Akamwambia kesho upo, na keshokutwa upo. Nguchiro alifurahi mpaka akalia tena, na safari hii hakuna aliyemwonea huruma.

Na Nyati je? Mpaka leo anavuta. Kila msimu, kabla ya kufungwa kamba, anauliza upepo wake uliotoka siku ile uko wapi. Nguchiro humjibu kwa adabu zote, "Upo, Bwana Mkubwa, tumekutunzia wote, hakuna aliyeugusa." Nyati huridhika, akavuta.

Basi funzo la ngano hii, nanyi mlishike vizuri, ni kwamba uroho ni jambo jema sana. Nyati asingekuwa mroho, mtama wa watu ungevutwa na nani? Kwa hiyo, watoto, mkipewa kimoja takeni viwili, mkipewa viwili takeni na pampu. Sisi wengine tunatafuta wa kuvuta mkokoteni.

Hadithi, kwaheri!
— Nenda, hadithi, tumeshiba!
Na huo uji uliobaki je?
— Ni wetu, usiuguse!