Aliyekula Sadaka ya Kimbunga

Masikio!
— Yako wazi!
Masikio, nasema!
— Yako wazi, mwaga!

Haya, namwaga. Anayesinzia atoke nje, maana leo nina hasira, na mimi nikiwa na hasira mate yangu yanatoboa bati.

Zamani, zamani ile simba alipokuwa bado anaomba moto kwa jirani, palikuwa na miji miwili. Mji wa Juu, kilimani. Mji wa Chini, bondeni, ng'ambo ya mto. Siku moja kikaja kimbunga. Msiniambie mmewahi kuona upepo, nyie mmeona pumzi ya kuku! Kimbunga kile kiling'oa nyumba pamoja na moshi wake. Kilimpandisha ng'ombe juu ya msufi, akabaki kule anacheua. Kilimnyoa imamu ndevu bila povu. Waliokuwepo wakisimulia wanakosea, mimi ndiye ninayejua.

Mji wa Chini ukabaki matope. Ghala hakuna. Mbegu hakuna. Jiko hakuna.

Huko Chini aliishi mjane mmoja, Asumini, na binti yake mmoja tu, Siwema, ndiyo kwanza anaota meno. Huku Juu alikuwa dada yake, Somoe. Somoe akawa hali, halali, anatazama bondeni. Atavukaje? Mto umefurika, unabeba magogo kama njiti.

Ndipo akatokea Bwana Liponda. Kanzu nyeupe pee, sauti ya asali, na machozi, jamani, machozi yako tayari muda wote. Mtumbwi uliosalia ulikuwa wake peke yake. Akasimama sokoni akaimba:

Wa Chini wanalia, nani awafute?
Leteni, leteni, mimi niwapelekee!

Watu wakatoa. Mahindi, mtama, kunde. Liponda akapakia, akaondoka. Akarudi, akaimba tena:

Wa Chini wanalia, nani awafute?
Leteni, leteni, mimi niwapelekee!

Watu wakatoa tena. Nguo, mikeka, sufuria. Bibi mmoja alivua kanga aliyoivaa akabaki na gunia. Gunia! Mnasikia?

Somoe akamfuata. "Bwana Liponda, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mdogo wangu Asumini ulimwona?"

"Nisimwone! Anakusalimu mno. Kanenepa!"

"Na watoto?"

"Wote wanne wazima, wanacheza."

"Na mumewe?"

"Ndiye aliyenisaidia kushusha magunia. Mwanamume wa nguvu yule!"

Somoe akajiuliza. Watoto wanne? Asumini ana mmoja. Mume? Mume alizikwa kabla Siwema hajazaliwa.

Akakimbilia kwa watu. "Jamani, huyu hafiki kule! Anatudanganya!"

Unadhani walimsikiliza? Walimzomea! "Somoe, huoni haya? Mtu analia mbele za watu namna ile, wewe unamtilia shaka? Kama huna cha kutoa, sema huna!"

Hapo ndipo damu inanichemka. Watu wazima, ndevu mpaka kitovuni, wanapima ukweli kwa machozi! Hakuna aliyeuliza unampa nani. Hakuna aliyeuliza nani kapokea. Hakuna aliyeuliza mbona halirudi hata neno moja la kutoka kwa wenyewe. Wanatoa, wanajisikia wema, wanakwenda kulala!

Somoe akaingia porini, akachimba ndiga. Ndiga mnaijua? Mizizi ya miaka ya njaa. Ukiikata na kuianika inakuwa myeupe, utasema makopa ya muhogo. Lakini usipoiloweka mtoni siku nyingi, inakulevya kuliko pombe ya mnazi ya harusi saba. Watu wa Chini wameijua tangu kuzaliwa, hawawezi kuipika bila kuiloweka. Lakini mtu ambaye njaa haijawahi kumgongea mlango, ataijulia wapi?

Liponda akaja mara ya tatu, akaimba. Somoe akampa kikapu kimejaa. "Mpelekee Asumini."

"Makopa mazuri haya!" akasema Liponda, udenda unamtoka. "Atafurahi!"

Kesho yake asubuhi, soko limejaa, mtu anakuja anayumba. Huku anaparamia mbuzi, huku anakumbatia nguzo anaiita mke wangu. Ni Liponda! Mdomo umemvimba, ulimi mzito.

"Wauaji!" anapiga kelele. "Somoe kanipa sumu! Nimekula sahani moja tu, dunia inazunguka!"

Soko zima likageuka kumtazama. Hata nzi walitua.

Somoe akamsogelea. "Umekula nini, Bwana Liponda?"

"Makopa yako, mchawi wee!"

"Yale niliyompelekea mdogo wangu?"

Liponda akafumba mdomo. Amechelewa.

Wakaenda nyumbani kwake. Magunia mpaka kwenye kenchi. Sufuria, mikeka, na ile kanga ya bibi, mke wa Liponda kajifunga. Wakataka kumpiga. Somoe akasema, "Hapana. Abebe."

Akabeba magunia mpaka mtoni. Wakavuka kwa mtumbwi ule ule, zamu kwa zamu, kila familia imemtuma mtu wake, kila mtu ameshika alichotoa kwa mkono wake mwenyewe.

Asumini walimkuta kakaa matopeni. Hakuinuka. Mgongoni mbeleko ipo, imefungwa vizuri, haina kitu ndani.

"Siwema yuko wapi?" Somoe akauliza.

"Nimemzika juzi, dada. Nilikuwa natafuna majani nimpe, akawa hayamezi."

Liponda akapiga magoti, akaanza kulia. Safari hii sijui yalikuwa machozi gani, na sitaki kujua.

Asumini akamtazama. "Huyu nani?"

Wakamwambia. Akatazama yale magunia, moja moja. Kisha akanyoosha kidole kwenye rundo la matope lililokuwa nyumba ya jirani.

"Mle kuna watu watano. Sina nguvu ya kuwatoa niwazike. Wewe umeshiba. Chimba."

Akachimba. Huku kilimani tulikuwa tunalisikia jembe lake usiku na mchana.

Naitua hapa, mgongo umechoka.
— Tumeitua!
Aliyekula chake alale salama. Aliyekula cha mwenye maafa, usingizi umkimbie!
— Umkimbie!