Kidawa, Zimwi na Koala Mlalaji

Hadithi inabisha hodi, ifungulieni!

Katika nchi ya mbali yenye misitu ya mikaratusi, mwanamke aitwaye Kidawa alikwenda kuchuma majani ya kumfukizia mwanawe mwenye mafua makali. Alipoyashika tu, zimwi likamkamata.

"Leo nimepata kitoweo!"

"Babu, kumla mtu anayetetemeka hakuna sifa," akasema Kidawa, naye anatetemeka kweli. "Mtishe yule koala aliye juu. Akiogopa, nile. Asipoogopa, niache niende zangu."

Koala, mnyama wa manyoya mfano wa dubu mdogo, alikuwa amelala kwenye panda ya mti, mwanawe mgongoni. Zimwi likanguruma, majani yakapukutika. Koala akafumbua jicho moja, akalifumba. Likanguruma tena. Koala akachuma jani, akalinusa, akalitafuna polepole, akalala. Mara ya tatu zimwi likapanda mtini, likamngurumia sikioni. Koala akajikuna.

"Huyu anakula nini?" zimwi likauliza.

"Majani hayo hayo tu. Hata maji hanywi ila kwa nadra."

Zimwi likautamani ushujaa huo. Likala tawi zima, la pili, na la tatu. Kumbe majani yale ni mazito tumboni! Macho yakalegea, likakumbatia mti, likaanza kukoroma. Kidawa akatoka mbio na majani yake, akamfukiza mtoto, mtoto akapona.

Na koala? Ngurumo hazikumtisha, lakini kule kukoroma kulimshinda. Akanung'unika, akambeba mwanawe, akahamia mti mwingine.

Hadithi imerudi kwao. Anayekoroma, akalale kwa jirani!