Samaki wa Sebuleni na Jicho la Mama Mkwe

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, mlioegemea kuta huko nyuma, maana sauti yangu leo haina nguvu na neno lenyewe sitaki kulipigia kelele. Nataka kuwapigia mfano wa bwana mmoja wa mji kama huu wetu wa pwani, mtu wa swala tano, mtu wa safu ya mbele. Jina lake silitaji. Kila mmoja akitafuta atampata, na baadhi yetu hatutakwenda mbali kumtafuta.

Bwana huyu alipenda samaki. Si wa kula. Wa kula alipenda pia, lakini nasema wa kutazama. Sebuleni kwake, mbali na jua la dirishani, aliweka tangi la kioo refu kama benchi. Akalijaza maji ya bahari aliyoyachota mwenyewe kwa madumu, akatia mawe na mchanga, na humo wakaogelea vitatange vya manjano na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe. Palikuwa na kipampu kidogo kinachonguruma mchana kutwa kama paka aliyeshiba, kazi yake kuwapelekea samaki hewa majini, yakatoka mapovu, blubu blubu. Akirudi kazini, kabla hajavua kofia, anasalimia samaki kwanza, mkewe baadaye. Mnacheka. Mkewe hakuwa akicheka.

Mungu akamjaalia mtoto wa kwanza. Kama ilivyo ada yetu, mama wa mke akaja na furushi lake la nguo kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Nyumba ikajaa watu. Huyu kaleta uji wa pilipili manga, huyu kaleta leso, huyu kaja tu kutazama pua ya mtoto ni ya upande gani. Na nyumba ya mzazi mnaijua, haikosi udi. Asubuhi chetezo, jioni chetezo, mgeni akipiga hodi, chetezo. Bwana mwenyewe alisimamia jambo hilo, kwa kuwa alisema nyumba yenye mtoto mchanga na vitu vizuri haiachwi wazi mbele ya macho ya watu. Udi alinunua mzuri, na mahali pa kuukalisha alipachagua yeye, pembeni, pasipo na pazia la kushika moto.

Basi katika siku hizo za furaha, samaki wakaanza kufa.

Wa kwanza alikutwa amelala ubavu juu ya mchanga. Bwana akasema, ajali. Wa pili akaonekana anahema juu ya maji, mdomo wazi, kama mtu aliyekimbizwa, na kufika adhuhuri amekufa. Bwana akaanza kutazama huku na huku.

Jioni moja wageni wametoka tu, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na tangi, mtoto juu ya mapaja. Akawatazama samaki kwa muda, kisha akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Mwanangu," akamwita mkwewe, "hebu njoo uone. Hawa samaki wako wanavuta shisha?"

Bwana akatabasamu kwa meno tu. "Wanaogelea, mama."

"Wanaogelea, haya. Mimi naona wanapuliza moshi kama vijana wa barazani!"

Asubuhi yake, kitatange mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amemlea tangu akiwa kama kipande cha shilingi, alikuwa anaelea tumbo juu.

Sasa niambieni, ninyi mngewaza nini? Bwana yule alikaa mbele ya tangi akaanza kuyapima maneno ya yule mama moja moja. Kawatazama samaki. Kawacheka. Kawataja. Na katika yote aliyosema, neno moja hakulisema, lile la kuzuia jicho la husuda: hakusema mashaallah.

Akaliweka moyoni, na kitu kikiwekwa moyoni kikafungiwa, mnajua, huchacha.

Hata hivyo hakutaka kudhulumu, alikuwa mtu wa dini. Akachukua maji ya tangi kwenye chupa akayapeleka kwa muuza samaki wa mapambo mjini. Yule akayapima.

"Chumvi sawa. Joto ulilonieleza, sawa. Chakula?"

"Kile kile unachoniuzia."

"Basi kuna kitu kipya nyumbani. Umebadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu. Nimepata mtoto, na mama mkwe amekuja kukaa."

"Mtoto haui samaki," akasema muuzaji, akarudi kwenye shughuli zake.

Muuzaji alikuwa anatania. Lakini aliyetaka kusikia alisikia: mtoto katolewa, nani kabaki?

Akapita kwa rafiki yake kwenye kahawa, akamweleza. Rafiki akaweka kikombe chini. Na rafiki wa namna hii, ndugu zangu, kila mtaa unaye mmoja, hakosekani.

"Alisema mashaallah?"

"Hakusema."

"Na anapokaa pale kwenye tangi, anafanya nini?"

Bwana akafikiri. "Anambembeleza mtoto. Midomo inacheza."

"Inacheza? Anasoma nini?"

"Sisikii."

"Basi!" Rafiki akapiga paja. "Angekuwa anasoma la heri si ungesikia? Bwana wee, shukuru ni samaki. Leo samaki, kesho nani?"

Hilo la kesho nani ndilo lililomwingia kama mwiba wa nungu. Tokea siku ile hakumwona tena mama mzee aliyeacha nyumba yake, aliyekuwa anachemsha maji ya kumkanda binti yake kabla jogoo hajawika. Aliona midomo. Alikaa nyuma ya pazia la chumbani akiichungulia midomo ile, na yule mama masikini ya Mungu alikuwa akimsabihi Mola wake kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto.

Kila alipomchungulia, alipata ushahidi. Mama akitazama tangi, anawatia jicho. Asipolitazama, anajua alichokifanya. Akikohoa, dhamira inamsuta. Siku moja aliomba, "Mwanangu, tufungue dirisha kidogo, mtoto anapiga chafya," na bwana akajiuliza anataka kumwingiza nani kupitia dirishani. Akalifunga vizuri zaidi. Na udi akaongeza, maana dawa ya jicho si ndiyo hiyo? Samaki wakazidi kufa. Naye akazidi kujua kuwa jicho hilo si la mchezo.

Ikafika siku samaki wamebaki wale wa rangi ya chungwa tu. Bwana akasimama mlangoni pa chumba cha mzazi, macho chini.

"Mama, tunashukuru umetusaidia. Naona sasa tujitahidi wenyewe."

Mama mkwe alikuwa anakunja nepi. Akaacha. "Arobaini bado, mwanangu."

"Najua, mama."

"Nimekosa nini? Niambie, mimi mtu mzima, nikikosa naomba radhi."

"Hukukosa. Ni... nyumba imekuwa na mambo."

"Mambo gani?"

Hapo mkewe, aliyekuwa kitandani, akasema: "Mwambie, baba mtoto. Mwambie mbele ya uso wake yale unayoyasema kwenye kahawa. Mwambie kwamba anakuulia samaki."

Mama mzee alimtazama mkwewe, akangoja akane. Hakukana. Basi akachukua furushi lake akaanza kutia nguo, taratibu, kama mtu anayefunga nguo za maiti.

"Akitoka mama," mke akasema, "natoka na mtoto. Na kurudi usinihesabie."

Mnadhani alishtuka? Alishtuka. Lakini dhana ilimwambia: waache, samaki wakipona itajulikana nani alikuwa mkweli, na mke mwenyewe ataona. Ndiyo hivyo, waumini. Aliweka ndoa yake na mwanawe wa kwanza upande mmoja, na upande wa pili akaweka samaki wa chungwa wanaoenea kiganjani, akangoja aone.

Walipotoka, akaisafisha nyumba. Akafunga milango, akafunga madirisha, akajaza chetezo makaa, akatia udi na ubani kwa mkono mkunjufu ambao hakuwa nao alipokuwa akiacha pesa za sokoni. Alisema, leo nitalitoa jicho lake mpaka kwenye nyufa. Akaketi kwenye kigoda kile kile cha mama mkwe, mbele ya tangi, kuwatazama samaki wakipona.

Samaki wakapanda juu. Midomo wazi. Wanahema.

Bwana akageuka nyuma. Hakuna mtu. Akaenda akasukuma mlango wa chumbani. Kitanda kitupu, kanga moja ya mkewe imeachwa kwenye kiti. Mgeni hakuna, mama mkwe hakuna, mtoto hakuna. Kipampu kinanguruma. Nani sasa? Niambieni ninyi, nani sasa? Maana watu wote wa kudhaniwa alikuwa amekwisha kuwafukuza.

Akarudi akainama, uso karibu na kioo. Mapovu yalikuwa yanapanda, blubu blubu. Likifika juu, povu linapasuka, na likipasuka linatoa kiuzi chembamba, cheupe. Akadhani macho yanamdanganya. Akanusa juu ya maji. Maji yananukia udi.

Akafuata mpira mwembamba kwa kidole, kutoka majini, ukapita ukingoni mwa tangi, ukashuka mpaka kwenye kipampu. Na kipampu kilikuwa kimekaa pembeni pale pasipo na pazia, bega kwa bega na chetezo, kinavuta moshi wote kwa juhudi, kinawapelekea samaki.

*Hawa samaki wako wanavuta shisha?*

Akakaa chini sakafuni. Alikuwa ameambiwa. Jioni ile, kitatange mkubwa yu hai, mama yule alimwita kwa kicheko akamwonyesha kwa kidole kitu kinachowaua samaki wake. Moshi aliutaja kwa jina. Na yeye alikuwa na kazi moja tu, kusikiliza kama atasema mashaallah.

Alichomoa waya. Alifungua madirisha yote, akabeba chetezo nje akakimwagia maji. Haikufaa kitu. Kufikia alasiri tangi lilikuwa maji matupu na mawe mazuri.

Alikwenda kwa mama mkwe kwa miguu. Kupiga hodi kulimshinda, akasimama tu pale mlangoni mpaka yule mama akatoka kumwaga maji ya mtoto akamkuta.

"Mama," akasema, "ni udi."

Mama hakuelewa, au alielewa. "Samaki wamebaki wangapi?"

"Hawakubaki."

Yule mama akafuta mikono kwenye leso yake. Ndani, mtoto akapiga chafya, kisha kimya.

"Pita," akasema. "Lakini ukanawe kwanza. Unanuka moshi mwili mzima, na mtoto amelala."

Ndugu zangu, mfano umekwisha hapo. Kama mke alirudi, siwaambii. Kamuulizeni huyo bwana mtakapompata.

Mimi sisemi udi ni mbaya. Nyumbani kwangu uko. Wala sisemi jicho halipo, msitoke hapa mkanitia maneno. Nasema hivi: sisi tunaoogopa macho ya watu, je, mikono yetu tunaitazama? Tunawafukiza jamaa zetu. Dada hakukusalimia harusini, unafukiza. Jirani kajenga ukuta, unafukiza. Mke wa kaka kacheka vibaya, unafukiza. Mambo yakizidi kuharibika, tunasema adui ni mkali, tunaongeza makaa. Na wale tunaodai kuwalinda, watoto wetu hawa, wamefungiwa madirisha nasi, ndio wanaouvuta moshi wote.

Na wangapi walikwisha kutuambia ukweli, kwa kicheko, kwa mzaha, siku ya kwanza kabisa, nasi tukashughulika kuhesabu neno ambalo hawakulisema? Nawauliza, na mimi nimo humo humo, kifua changu hakijatoka safi katika jambo hili. Kuna mtu wangu ambaye nikisikia sauti yake barabarani hubadilisha njia, na nikiulizwa kosa lake, nitakwambia midomo yake inacheza.

Tukimaliza dua hapa, desturi yenu mnapanga mstari kunipa mkono. Leo msinipe. Mkono huo una mwenyewe, na nyumba yake mnaijua. Nendeni mkampe kabla ya magharibi. Na kama mlangoni atakwambia unanuka moshi, usibishane naye. Kanawe, uingie.