Dubu Aliyekataa Kulala

Hapo zamani za kale, watoto wangu, barabara zilipokuwa bado hazijajifunza kupanda milima, kulikuwa na bonde moja katika nchi ya Japani lililoitwa Okutani. Milima ililizunguka pande zote kama kuta za kisima. Bahari ilikuwa mbali sana. Chumvi ilifika mgongoni mwa ng'ombe baada ya mwendo wa siku sita, na watoto wa huko waliposikia habari za bahari walidhani ni uongo wa wachuuzi.

Theluji ilianguka miezi mitano kila mwaka. Ilifunika njia, ikafunika visima, ikafika madirishani. Kwa hiyo wanyama wadogo walikuwa na ghala lao la pamoja, la magogo, kando ya ziwa. Kabla ya theluji ya kwanza kila nyumba ilipeleka ulezi wake, uyoga mkavu, figili na mbegu za mwaloni. Asiyepeleka hakula.

Dubu hakupeleka, wala hakuna aliyemlaumu. Dubu alikuwa akilala. Theluji ikianza tu, anaingia pangoni, koroo, koroo, mpaka majani yachipue. Baba yake alilala hivyo, na babu yake pia. Katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kuyaona majira ya baridi kwa macho yake.

Lakini mwaka huo mialoni haikuzaa. Dubu alijilaza na tumbo tupu, akageuka huku, akageuka kule. Usingizi haukuja. Siku ya tatu akainuka, akashuka hadi ghalani.

Gogogo! Gogogo!

"Fungueni!"

"Bwana Dubu," alisema Kicheche, mlinzi wa mlango, kwa adabu, "hili ghala ni letu sote."

"Vizuri. Basi na mimi ni mmoja wa ninyi sote."

"Lakini hukuleta kitu."

"Nimeleta hiki," akasema Dubu, akanyanyua mkono. Pah! Kicheche akaruka hadi kwenye theluji, mguu umevunjika. Dubu akaingia, akakaa mlangoni, akauziba wote kwa mgongo wake.

"Sitoki humu hadi majani yachipue," akasema. "Mwenye njaa na alale. Mbona mimi nililala miaka yote?"

Basi njaa ikaingia Okutani.

Katika bonde hilo aliishi Sungura mmoja mjane. Mumewe alinyakuliwa na tai, akamwachia watoto wawili, Ito na Nazu. Sungura alichimba theluji akatafuta nyasi, akapata maganda ya miti. Alitafuna maganda hayo hadi ufizi ukatoka damu, ili watoto wanyonye. Ito alivumilia. Nazu alikuwa mdogo.

Wiki ya tatu Nazu hakuamka. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki. Mama yake alimbeba asubuhi, akamlaza chini ya msonobari, akamfunika kwa theluji kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akarudi nyumbani, akasikia tumbo la Ito likinguruma.

"Mama, na mimi nitalala kama Nazu?"

"Hapana," akasema Sungura. Hakujua atalitimizaje neno lile. Alitoka.

Alikwenda kwa Nyani, kwa kuwa Nyani alikuwa na mikono na ukoo mkubwa. Alimkuta kwenye chemchemi ya maji moto, amezama hadi shingoni, uso mwekundu, theluji imemwangukia kichwani kama kofia.

"Karibu, Mama Ito! Ingia uoge."

"Sikuja kuoga, kaka. Nimekuja kuomba tumtoe Dubu. Ninyi ni wengi."

"Tumtoe?" Nyani akacheka, kwe kwe kwe! "Nikitoka humu, manyoya yataganda kabla sijafika ghalani. Nitakuwa sanamu ya nyani. Dubu atanitumia kufungia mlango!"

"Mtoto wangu amekufa."

Nyani akaacha kucheka. Akatazama maji. "Pole, Mama Ito. Lakini sitoki."

Sungura alikuwa ameshageuka aende zake, Nyani akamwita. Labda aliona haya.

"Nikuambie jambo? Huyo mbabe wako ni mwoga. Jana, kabla sijaloa, nilipita kule, akaniuliza, 'Kitu gani kinanguruma ziwani kila asubuhi?' Nikamwambia ni barafu inapasuka kwa baridi. Akaniuliza, 'Barafu ndiyo nini?' Wallahi nilitaka kuanguka! Dubu zima, halijui barafu!"

Sungura akasimama.

"Hajui barafu?"

"Atajuaje? Hata wewe hatakujua. Kiangazi ulikuwa wa kahawia, sasa u mweupe kama theluji. Mimi nimekutambua kwa hizo ncha nyeusi za masikio tu."

Sungura alikuwa akitazama ziwani.

Sasa sikilizeni, watoto wangu. Ziwa la Okutani liliganda lote, ukaweza kulivuka kwa miguu. Lakini katikati, chini kabisa, kulikuwa na chemchemi nyingine ya maji moto. Hapo barafu ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, na mvuke ulipanda juu taratibu. Kila mtoto wa bonde lile, kabla hajafundishwa jina la babu yake, alifundishwa hivi: penye mvuke usikanyage.

Dubu hakufundishwa. Kiangazi mvuke ule hauonekani.

Sungura alishuka hadi ghalani jua likiwa linachomoza. Theluji ilikuwa nyeupe, naye mweupe. Moyo ulimpiga, du du du, akaogopa Dubu atausikia. Akakaa mbele ya mlango, akafumba macho kidogo, akaita:

"Wewe uliyekataa kulala!"

Dubu akashtuka. Akatazama huku na kule. Aliona ncha mbili nyeusi tu zikielea juu ya theluji.

"Nani huyo?"

"Mjumbe wa Mwenye Baridi."

"Mwenye Baridi ndiye nani?"

"Humjui mwenye nyumba, nawe umeingia nyumbani mwake?"

Mara ziwa likalia: Guuuum! Krrrraa!

Dubu akajikunyata. "Hicho! Ni kitu gani hicho?"

"Unaitwa. Kila mwaka Mwenye Baridi huandaa karamu kwa wasiolala. Hakuna dubu aliyewahi kuhudhuria. Wewe ni wa kwanza."

"Karamu?" Masikio ya Dubu yakasimama. "Ya nini?"

"Samaki. Wa kuchoma, wa kuchemsha, wenye mayai tumboni. Huuoni moshi wa jiko?"

Dubu akanyoosha shingo. Kweli, katikati ya ziwa moshi mweupe ulikuwa ukipanda. Mate yakamdondoka, tii, tii. Akainuka nusu. Kisha akasita, akanusa.

"Mbona unanuka sungura?"

Sungura hakulitarajia swali hilo. Lakini ulimi ulimjibia.

"Nimembeba mmoja hivi karibuni. Mdogo. Baridi huchukua wadogo kwanza."

Dubu akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Haya. Lakini utangulie wewe. Mimi si mjinga."

Sungura akatangulia. Hakuwa na njia nyingine. Alitembea juu ya barafu, na nyuma yake nyayo za Dubu zikilia, tup, tup, tup. Hofu ilimwambia, kimbia. Lakini akikimbia, Dubu angerudi ghalani. Akatembea.

Krk.

"Ni nini?" akauliza Dubu.

"Wanafungua milango."

Krrk. Krrrk.

"Milango mingapi?"

"Mgeni mkubwa hufunguliwa mingi."

Dubu akacheka kwa furaha. Mvuke sasa ulikuwa karibu, vuguvugu, ukamgusa pua. Sungura alisikia barafu ikilegea chini ya nyayo zake. Alikuwa mwepesi, tena amekonda kwa njaa, na wepesi ule ndio uliomshikilia juu. Akaingia ndani kabisa ya mvuke, akasimama, akasema:

"Karibu ukae. Lakini wahi, wengine wamekwisha kunawa."

"Wasinimalizie!" akanguruma Dubu, akatimka mbio.

Krrraaak! Chubwi!

Sungura aliruka kama jiwe la kombeo, barafu ikivunjika nyuma ya visigino vyake, hadi akaangukia pagumu. Alipogeuka, Dubu alikuwa ndani ya maji hadi kwapani, makucha yameshika ukingo. Kila alipojivuta, ukingo ulikatika. Krak. Akashika tena. Krak.

"Mjumbe! Nipe mkono!"

Sungura hakusogea.

"Wewe si mjumbe. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama Nazu."

Dubu alimtazama. Maji yalikuwa yamefika kidevuni. Alikuwa akitafuta jina lile kichwani mwake, na halikuwamo.

"Nazu ni nani?" akauliza.

Ukingo ukakatika. Mapovu yakapanda, bu bu bu, kisha yakakoma, ukabaki mvuke tu.

Sungura alikaa pale mpaka barafu ilipomuunguza makalio. Hakuimba, wala hakupiga vigelegele. Alikuwa ameua, naye alijua hivyo.

Wanyama walifika ghalani mmoja mmoja. Kicheche alikuja akichechemea kwa gongo. Panya walikuja wanane, mwezi uliopita walikuwa kumi na wanne. Kilichosalia ghalani kilikuwa kama theluthi moja, nacho kimekanyagwa. Walikigawa kwa kikombe, kila nyumba sawa. Hata Nyani alifika, meno yanagongana, manyoya yamesimama kwa barafu.

"Mama Ito," akasema akiangalia chini, "sistahili."

"Hustahili," akasema Sungura, akamjazia kikombe. "Shika. Ukoo wako una watoto."

Siku ile alipika uji wa ulezi, mwepesi kama maji. Ito alikunywa bakuli zima, akalilamba.

"Mama, tumeshinda?"

"Kunywa polepole, utapaliwa," akasema mama yake.

Na ninyi, watoto wangu, shikeni hili: nguvu hazimfai mtu asiyeijua nchi anayoikanyaga.