Luku ya Mwenyewe

Hapo zamani, si zile za sungura, ni hizi za juzi, dalali alipokuwa bado anakutazama usoni akikudanganya, mwanamke mmoja wa Morogoro, Nyamizi, alitafuta nyumba isiyokula umeme. Alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, na ndani yake angeweka mayai ya kikundi chake cha akina mama. Mayai ya watu, jamani! Umeme wa kulipia ukiisha, yanaoza. Akaapa hahamii popote kabla ya kukagua.

Dalali Chambuso, mtu wa kukuuzia hata kivuli chako, akampeleka Kihonda. "Dada'angu, nyumba hii haili umeme. Na luku ni ya mwenyewe."

Luku ya mwenyewe! Nyamizi moyo ukamruka. Mita yake peke yake, hachangii na mtu. Hakuuliza zaidi. Nani anauliza akishasikia anachotaka?

Akamwita shemeji yake Gwamaka, mhandisi wa umeme kwa cheti, mkaa kijiweni kwa ajira. Gwamaka akapapasa dari, akafungua madirisha, akageuza balbu kama anachagua nyanya. "Shem, insulation safi, hewa inapita, balbu zote LED. Very efficient. Nyumba hii haili umeme. Ila kabla ya mayai, do a dry run."

Nyamizi akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mbele ya msomi kila mtu anaelewa.

Mwisho akatoka chumbani kwake, humo humo ndani, mwenye nyumba, Mzee Lugendo, shuka kiunoni. "Mwanangu, tangu nijenge, nyumba hii haijawahi kula umeme."

Basi akahamia. Mashine akaiingiza imefunikwa kanga. "Vyombo tu, mzee," akasema, maana wenye nyumba wakisikia kuku wanapandisha mashetani. Akapanga mayai, akawasha, akaenda Kilosa kwenye msiba wa shangazi yake.

Kurudi, siku ya vifaranga kutoka, mashine imepoa kama mtungi. Kumbe Mzee Lugendo kila akienda shamba huzima main switch ya nyumba nzima, iliyomo chumbani kwake, hufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Ndiyo maana nyumba haili. Maiti naye hali!

Akina mama wakaja na matenga ya kubebea vifaranga, wakapokewa na harufu. Kiongozi wao, Mama Sikudhani, akajikalia kizingitini. "Hatoki mtu hapa. Haya mayai yanalipwa na nani?"

Nyamizi alishawaita wote waliomhakikishia nyumba. Chambuso akaruka wa kwanza. "Nilisema luku ya mwenyewe. Mwenyewe si huyu mzee? Ndiye mwenye nyumba! Nimedanganya wapi? Dada alisikia yake, mimi nilisema ya mzee."

"Umeme usio na wa kuutazama ni hasara," mzee akafoka. "Nyumba yangu, swichi yangu. Na wewe binti, si ulisema vyombo? Lini vyombo vikaanza kutaga?"

"Mimi nilimwambia!" Gwamaka akapaza sauti. "I told her, do a dry run!"

"Na nilifanya!" Nyamizi akalia. "Niliyafuta mayai yote kwa kitambaa, moja moja, mpaka yakakauka kabisa!"

Akina mama wakacheka wakiwa wamenuna.

"Shem! Dry run ni kuiwasha mashine tupu kwanza, uone umeme unakaaje!"

"Sasa ungesema 'iwashe tupu' ungepungukiwa nini? Digrii?" Akawageukia wenzake, machozi yanamtoka. "Mama zangu, nimekagua paa, nimekagua balbu, nimeuliza kila mtu. Ningefanya nini tena?"

"Uliuliza nyumba inakula kiasi gani," Mama Sikudhani akamjibu. "Nani anailisha, hukuuliza."

Kisha akanyanyua trei la mayai viza, akalitua katikati ya uwanja. Dalali akatazama simu isiyoita. Msomi akatazama nguzo za umeme. Mzee akapapasa ufunguo wake. Nyamizi hakuwa na pa kutazama. Mayai yalikuwa ya watu, na watu ndio hao wamemzunguka.

"Chukueni," Mama Sikudhani akasema. "Haya nayo ni ya mwenyewe."

Haya, ninyi mnaocheka mmeziba pua, semeni: je, mwenyewe ni nani?